Taa za Pingxi si pambo la watalii tu

Mwandishi wa makala moja niliyoisoma anaziita taa za angani za bonde la Pingxi, huko Taiwan, yaani taa za karatasi zinazorushwa zipae juu, pambo la watalii tu. Naomba kutofautiana naye. Wenyeji wa bonde hilo husimulia kwamba zamani wanyang'anyi walipovamia, wanakijiji walikimbilia milimani, na taa zilizorushwa kutoka kijijini ndizo zilizowajulisha kuwa hatari imepita na wangeweza kurejea majumbani. Leo watu huandika maombi yao juu ya karatasi ya taa, kisha hewa iliyopashwa moto huinua taa, hasa usiku wa siku ya 15 ya mwezi wa kwanza wa kalenda ya Kichina. Lawama ninayoikubali (na makala hiyo haikuigusa) ni ile ya mabaki ya mianzi na waya yanayoangukia misituni.