Neno Moja, Vikombe Vinne

Watoto wa siku hizi hukumbuka kazi ya nyumbani umeme ukishakatika. Jana binti yangu wa kidato cha pili kaniletea neno la Kiingereza, unnatural, atunge sentensi tano na kila moja iwe na maana yake. "Baba, si wewe uliniambia ulikuwa wa kwanza darasani?" Mama yake huyo pale anasikiliza. Ningesemaje?

Nikawasha tochi ya simu, chaji asilimia nane, nikafungua kamusi kwa heshima zote. Ikanijibu: kinyume cha maumbile. Nikaifunga. Maneno hayo hapa nchini yana kifungu chake na kifungo chake, hayaandikwi kwenye daftari la mtoto. Nikasema natoka kidogo kutafuta mtandao, nikaenda kijiweni kwenye kahawa.

Kosa langu ni kumuuliza mwalimu mstaafu. Alivaa miwani, gizani. "Un ni kikanushi, kama 'si' yetu. Natura ni Kilatini." Muuza kahawa akaongeza mkaa, alishajua biashara imekuja.

"Mfano ni Macbeth, ya Shakespeare. Mfalme Duncan kauawa usingizini na mwenyeji wake. Kumekucha, jua halionekani. Mzee mmoja akasema hii ni unnatural, kama kitendo chenyewe. Akaongeza kwamba bundi kamuua kozi, yule ndege mwindaji. Na farasi wa mfalme wakavunja mazizi, inasemekana wakalana."

"Wakalana vipi?" akauliza fundi viatu.

"Wakalana. Nyama."

"Sasa alibaki nani?"

"Shakespeare hakusema."

"Mwalimu, lazima mmoja alibaki. Mimi nikikula wewe, nani ananila mimi?"

"Hiyo ndiyo maana ya neno! Haliingii akilini!"

"Labda walianzia mkiani, wote kwa pamoja," akasema dereva wa bodaboda.

Basi, nusu saa nzima ni farasi. Mmoja anataka kujua kama ile nyama ingefaa kuuzwa. Mwingine anasema bundi ndiye chanzo, angechinjwa yeye kwanza. Mimi nina sentensi moja, na mtoto ananingoja na mshumaa.

Nikaomba maana nyingine, jamani, za mjini. Mwalimu akazimwaga haraka haraka: nywele za dukani, tabasamu la kubandika, mama asiye na uchungu na mwanawe, kimya kisicho cha kawaida. Akafika kwa kuku wa kizungu, wiki sita tu yuko kwenye kikaango wakati wa kienyeji hata kutaga bado. Kumbe muuza chipsi yupo nyuma yangu. Akasimama. Kwamba kuku wake si kuku? Kwamba yeye anauza nini, farasi?

Nimelipa vikombe vinne, viwili sikunywa. Nafika nyumbani umeme umerudi, binti kamaliza zamani, kaulizia kwa jirani wa darasa la saba. Darasa la saba!

Na usingizi sijapata. Yule farasi wa mwisho, bwana. Halafu asubuhi natafuta kandambili, naona katika vurugu za yule wa chipsi nimeondoka na mbili za mguu wa kushoto. Moja ya mtoto.