Mbu wa Bagamoyo na ridhaa ya jirani

Mwishoni mwa mwaka 2025, jarida la Nature lilichapisha matokeo ya kazi iliyofanyika Bagamoyo, ambako watafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara na wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, wakishirikiana na wenzao wa Imperial College London, walitengeneza mbu aina ya Anopheles gambiae ambaye vinasaba vyake vimebadilishwa ili tumbo lake lisiwe mahali pazuri pa kukulia vimelea vya malaria. Mbu wa namna hiyo si mgeni kabisa, kwa kuwa mwenzake alikwishatengenezwa London na taarifa zake kuchapishwa mwaka 2022. Uzito wa habari uko katika mambo mawili: safari hii mbu ametengenezwa ndani ya maabara ya Tanzania, na amejaribiwa kwa vimelea vilivyotoka katika damu ya watoto walioambukizwa huko huko wanakoishi, wala si vile vilivyozoea kufugwa maabarani kwa miongo kadhaa.

Katika majaribio ya aina hii, kwa kawaida damu humiminwa katika kikombe kidogo cha kioo chenye utando mwembamba chini yake, maji ya uvuguvugu yakizunguka pembeni ili isipoe, na mbu waliofungiwa ndani ya kopo lenye wavu huchoma utando huo kama vile wametua juu ya ngozi ya mtu. Baada ya hapo mbu wa kawaida na mbu aliyebadilishwa huachana njia. Kimelea huhitaji takriban siku 10 hadi 14 kukomaa na kufika kwenye tezi za mate, na mbu wengi porini hawafikishi umri huo. Mbu aliyebadilishwa, kila anywapo damu, hutoa tumboni mwake protini ndogo mbili, moja yenye asili ya ngozi ya chura na nyingine yenye asili ya sumu ya nyuki, ambazo hudumaza kimelea kiasi kwamba mbu anakuwa na nafasi kubwa ya kufa kabla hakijakomaa. Mbu hauawi, anayecheleweshwa ni abiria wake.

Hata hivyo, mbu elfu kumi wa namna hiyo wakiachiwa hawatabadilisha mengi, kwa sababu jeni ya kawaida hurithiwa na nusu tu ya watoto, na ikimwelemea mwenye nayo hata kidogo hupotea. Ndipo linapoingia wazo la Austin Burt wa chuo hicho hicho cha London, alilolitoa mwaka 2003, la kutumia jeni inayojieneza, yaani kipande cha kinasaba kinachojinakili kutoka kromosomu moja hadi pacha wake, ili karibu watoto wote wakirithi. Zana ya kuhariri vinasaba iitwayo CRISPR ndiyo iliyolifanya litekelezeke. Mwaka 2018, kundi la Andrea Crisanti lilionyesha kwamba jeni ya aina hiyo, ikilengwa kwenye jeni ya jinsia iitwayo doublesex, iliangamiza mbu wote wa kizimbani katika vizazi 7 hadi 11. Huko Bagamoyo sehemu za mtambo huu wa kujieneza zimetenganishwa, na ile yenye kubeba kinga haiwezi kujieneza peke yake.

Wanaotaka kazi iendelee wana hoja isiyopuuzika. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2023 kulikuwa na wagonjwa milioni 263 wa malaria na vifo 597,000, vingi vikiwa vya watoto wa Afrika walio chini ya miaka mitano. Mbu wamekwisha kuwa sugu kwa viuatilifu vinavyotiwa kwenye vyandarua, na usugu wa kiasi wa vimelea dhidi ya artemisinin, kiungo kikuu cha dawa mseto, umethibitishwa Rwanda, Uganda na Tanzania. Misaada ya Marekani ilipokatwa mwaka 2025, programu nyingi zilijikuta zikihesabu maboksi ya vipimo yaliyobaki stoo. Chandarua huchanika na kuhitaji kingine baada ya miaka mitatu hivi. Jeni inayojieneza haisubiri bajeti, na hufika kijiji ambacho gari la halmashauri halijawahi kufika wakati wa masika.

Baadhi ya pingamizi zinazosikika hazina uzito, kama ile ya kwamba anayeumwa na mbu huyu atabadilika vinasaba mwenyewe. Pingamizi la ikolojia lina uzito zaidi, ila ni lazima lielekezwe panapostahili. Kando ya Ziwa Viktoria yuko buibui mdogo mrukaji, Evarcha culicivora, anayependa kuwinda mbu jike aliyeshiba damu. Ni halali kuuliza atakula nini mbu wakitoweka, ingawa anajulikana kula wadudu wengine pia. Lakini swali hilo linamhusu mbu wa doublesex, maana yule wa Bagamoyo anabaki hai na kuendelea kuliwa. Ninaloliona kuwa zito zaidi kwa upande wa ufanisi ni kwamba kusini-mashariki mwa Tanzania mwenezaji mkuu wa malaria siku hizi ni Anopheles funestus, na jeni iliyotengenezewa gambiae haitamgusa.

Linalonisumbua kuliko yote ni ridhaa. Mkataba wa Bayoanuwai, katika mkutano wa mwaka 2018 huko Sharm el-Sheikh, ulihimiza tahadhari na ushirikishwaji wa jamii zitakazoguswa kabla ya kuachia viumbe wa aina hii. Kwenye kijiji kimoja hilo linawezekana: mkutano wa hadhara unaitishwa, maswali yanaulizwa, watu wanaridhia au wanakataa. Mbu, hata hivyo, hakai kijijini. Mwaka 2019 watafiti waliotundika nyavu kwenye maputo nchini Mali walieleza kuwa waliwanasa mbu, wakiwemo wa malaria, kati ya mita 40 na 290 kutoka ardhini, na wakakadiria kuwa kwa upepo wa usiku mmoja wangeweza kusafiri hadi kilomita 300. Kutoka Bagamoyo, masafa hayo yanavuka mpaka wa Kenya.

Yaliyotokea Burkina Faso yanaonyesha jinsi ridhaa ilivyo nyepesi. Mradi wa Target Malaria uliachia mbu dume tasa katika kijiji cha Bana mwaka 2019 baada ya miaka ya kuzungumza na wanakijiji, na mbu hao hawakuwa hata na jeni ya kujieneza. Agosti 2025, serikali iliyo madarakani ilisimamisha kazi zote za mradi. Waliokuwa na shaka na mradi walishangilia, na sidhani kuwa shaka zao zote zilikuwa za bure, lakini mbu tasa wanaweza kusimamishwa kwa tamko la serikali. Mbu mwenye jeni inayojieneza, akishatoka, hasikii tamko.

Wapo wanaoona njia salama zaidi katika Microsporidia MB, kijidudu ambacho watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu nchini Kenya, walieleza mwaka 2020 kuwa kinaishi ndani ya mbu kiasili na kuwakinga wasibebe vimelea vya malaria. Ninaielewa hamu hiyo. Lakini nacho kinarithishwa kutoka kwa mama na kuambukizwa kwa kujamiiana, na kikisambazwa kwa makusudi hakitakaa upande mmoja wa mpaka eti kwa sababu hakikuhaririwa na mtu.

Kwa maoni yangu utafiti wa Bagamoyo uendelee, na sehemu za mtambo zibaki zimetenganishwa. Visiwa, kama vile vya Ssese katika Ziwa Viktoria upande wa Uganda, ambako mbu wameonekana kutofautiana kivinasaba na wa bara, ni mahali pa busara pa kuanzia, ingawa kila alfajiri mitumbwi huenda na kurudi kati ya visiwa na bara, na hakuna anayekagua kama kuna mbu chini ya maturubai. Itifaki ya Cartagena, makubaliano ya kimataifa kuhusu usalama wa viumbe waliobadilishwa vinasaba, inazitaka nchi kuarifiana kiumbe aliyebadilishwa anapoweza kuvuka mpaka. Kuarifiwa si kuridhia, na jaribio la Ssese litawahusu watu wa Bukoba na Kisumu ambao hakuna mkutano wa hadhara wa Kalangala, wilaya ya visiwa hivyo, utakaowaita.