Hologramu ya kompyuta: nukta kwanza, FFT baadaye

Anayeanza kutengeneza hologramu ya kitu cha pande tatu kwa kompyuta hushauriwa mara nyingi akikate kitu hicho matabaka, kisha kila tabaka alipitishe kwenye FFT, yaani hesabu ya haraka ya Fourier inayokokotoa mawimbi ya tabaka zima kwa mkupuo. Njia hiyo ina kasi, lakini kwa anayejifunza naipinga. Aanze na nukta. Njia ya nukta ni nzito, ila kosa likitokea utaona limetoka wapi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi kueleza: kitu kinakuwa wingu la nukta, kila nukta inatoa wimbi la duara, na kila pikseli inajumlisha mawimbi yote yanayoifikia. Nukta 10,000 kwa paneli (skrini ndogo inayobadili mwanga wa leza, pikseli kwa pikseli) ya pikseli 1920 × 1080 ni zaidi ya jumlisho bilioni 20. Kadi ya grafiki inazimudu. Nukta zilizofichwa nyuma ya kitu ziondoe mapema, la sivyo mgongo utaonekana kupitia kifua.

Mahali pa kukaa na kufikiri ni kwenye ukubwa wa pikseli. Pikseli za mikromita 8, zikimulikwa na leza ya kijani ya nanomita 532, haziwezi kupinda mwanga zaidi ya nyuzi 1.9 kila upande. Basi nukta iliyo milimita 200 mbele ya katikati ya paneli ina haki ya duara lenye nusu kipenyo cha milimita 6.65 tu. Paneli ina upana wa milimita 15.36. Ukiiandika nukta hiyo hadi kingoni, mistari ya mawimbi yake kwenye paneli inakuwa myembamba kiasi kwamba pikseli zinarekodi mistari mingine isiyokuwapo, na picha za uongo zinajitokeza pembeni. Ikatie kila nukta duara lake, kulingana na umbali wake.

Kosa la pili halionekani kwenye msimbo. Milimita 200 ni zaidi ya mawimbi 375,000. Ukiyageuza kuwa radiani na kuyahifadhi kwa namba za biti 32, hatua ndogo kabisa inayobaki ni robo ya radiani. Mistari laini inageuka ngazi. Usihesabu umbali mzima r kutoka nukta hadi pikseli. Hesabu (x² + y²) / (r + z), ambayo ni tofauti kati ya r na z; x na y ni umbali wa pembeni kati ya nukta na pikseli, z ni umbali wa nukta mbele ya paneli. Kilichoachwa ni fezi (hatua ambayo wimbi limefikia katika mzunguko wake) isiyobadilika ya nukta hiyo, na haiharibu kitu.

Fezi ya kuanzia ipangwe kwa kubahatisha. Paneli nyingi hubadili fezi peke yake, kwa hiyo kimo cha wimbi unakitupa. Nukta zote zikianza na fezi moja, kutupa huko kunakuachia kingo za kitu bila mwili wake. Gharama ya kubahatisha ni vidoadoa vya leza. Onyesha hologramu 16 tofauti kwa kasi, kila moja na bahati nasibu yake, na ukali wa vidoa utashuka hadi robo.

Ukihifadhi, tumia PNG. JPEG inafuta mistari myembamba, na mistari hiyo ndiyo hologramu. Skrini nayo ioneshe pikseli kwa pikseli, bila kupanua wala kubana. Mwelekeo wa polarizesheni ya leza, yaani upande ambao wimbi lake linatikisika, ulingane na mhimili wa paneli. Usipolingana, doa kali la katikati, la mwanga ambao paneli haikuubadili, linameza picha.

Kabla ya kitu chochote cha kuvutia, andika nukta 3 tu: milimita 150, 200 na 250. Sogeza sensa ya kamera isiyo na lenzi kwenye reli, upime kila moja inakolea wapi, yaani inakuwa kali zaidi. Zikikolea kwenye 96, 128 na 160, zote zimepungua kwa uwiano wa 0.64: msimbo unadhani pikseli ni mikromita 8, kumbe ni 6.4, kwa kuwa umbali hufuata mraba wa ukubwa wa pikseli. Uwiano ukitofautiana kati ya nukta na nukta, acha msimbo, rekebisha lenzi inayonyoosha miale ya leza.

Hapo ndipo FFT inapokaribishwa, na iingie na ukingo wa sifuri, yaani pikseli tupu kuizunguka picha: 3840 × 2160 kwa paneli hiyo hiyo. Bila ukingo, mwanga unaotoka kulia unarudi kwa kushoto.