Arepa Ipimwe kwa Unga Wake

Mgahawa wa mtaani wa Wavenezuela unafaa kupimwa kwanza kwa arepa yake, yaani mkate wa duara wa unga wa mahindi, tena arepa iliyotoka kwenye tawa sasa hivi, kabla haijajazwa chochote. Nasema hivi kwa sababu huku magharibi mwa Houston, hasa Katy, mji ambao watu wameubatiza kwa utani Katyzuela, migahawa hiyo ni mingi, na sisi Waswahili tuishio jirani tumezoea kuingia humo na kuagiza kwa macho. Tunachagua sahani iliyofurika nyama, tunaipiga picha, kisha tunatoka tukisema kwamba chakula chao ni kizuri ila mkate wao ni mkavu. Kwa maoni yangu, anayesema hivyo hajala arepa, bali amekula nyama iliyowekwa ndani ya arepa iliyopoa.

Wingi wa Wavenezuela hapa si jambo la bahati. Baada ya mgomo mkubwa wa mwaka 2002 hadi 2003 katika shirika la mafuta la Venezuela, PDVSA, serikali ya Hugo Chávez iliwafukuza kazi wafanyakazi wapatao 18,000, na wengi miongoni mwao, wakiwemo wahandisi na wanajiolojia, walielekea kwenye miji yenye kazi ya mafuta, Houston ikiwa mojawapo. Uchumi ulipoporomoka miaka kumi baadaye, wakafuata wengine wa kila tabaka. Leo Wavenezuela walioihama nchi yao wamezidi milioni 7. Ndiyo maana kwenye meza za mgahawa wa aina hii utamkuta mhandisi mwenye nyumba yake akikaa karibu na kijana aliyekuja juzi kutafuta kibarua cha ujenzi, na wote wawili wanaijua arepa tangu utotoni. Mpishi hawezi kuwadanganya watu hao, na kwangu hilo ni dhamana kubwa kuliko nyota za kwenye intaneti.

Siri yenyewe imo katika unga. Zamani mahindi yalitwangwa kwenye kinu, yakachemshwa, kisha yakasagwa, kazi iliyowachosha wanawake tangu alfajiri. Mwaka 1954 mhandisi Luis Caballero Mejías alipata hataza ya unga wa mahindi yaliyokwisha kupikwa, na mwaka 1960 kampuni ya Polar ikaingiza sokoni unga wa P.A.N., ambao sasa unapatikana hata katika maduka ya kawaida ya Texas. Kwa kuwa mahindi yake yamekwisha kupikwa kiwandani, unga huo hushikana kwa maji na chumvi tu, bila kusongwa motoni kama ugali. Aliyejaribu kuunda arepa kwa sembe yetu anajua jinsi inavyopasuka na kumeguka mikononi.

Arepa iliyopikwa vizuri ina ganda jembamba lenye madoa ya kuungua, na ukiigonga kwa kidole hutoa mlio wa kitu chenye uwazi ndani. Mpishi huipasua ubavuni kwa kisu, mvuke ukatoka, naye akapaka siagi kabla ya kutia kitoweo. Ndani inapaswa kuwa laini na yenye unyevu, bila ubichi. Ikipoa hukakamaa, na hapo hakuna mchuzi utakaoiokoa. Kwa hiyo sikubaliani na wateja wanaolalamika kwamba huduma ni ya polepole. Mwanamke wa kaunta mahali ninapokwenda, ambaye humwita kila mteja “mi amor”, yaani mpenzi wangu, huwajibu kwa tabasamu kwamba tawa halina haraka, kisha huwauzia tequeños, vijiti vya jibini vilivyoviringishwa kwa unga wa ngano na kukaangwa. Biashara yake anaijua.

Kuhusu kitoweo, reina pepiada ndiyo yenye sifa: kuku aliyechambuliwa, parachichi na mayonezi, iliyopewa jina hilo huko Caracas, mji mkuu wa Venezuela, kwa heshima ya Susana Duijm, aliyeshinda taji la Miss World mwaka 1955. Ni tamu, lakini humezwa na mayonezi. Mimi huchagua dominó, yaani maharage meusi na jibini nyeupe yenye chumvi iliyokwaruzwa, kwa kuwa vitu hivyo viwili havishindani na mahindi. Lililoanza kuniudhi ni mtindo wa baadhi ya migahawa kushindilia nyama mpaka arepa ilowe, ipasuke na kuliwa kwa uma, ili kumridhisha mteja aliyezoea baga.

Anayetaka kushiba kwa sahani aagize pabellón: wali mweupe, maharage meusi, nyama ya ng'ombe iliyochambuliwa nyuzi nyuzi na ndizi mbivu za kukaanga. Mtu wa kwetu hatababaishwa na lolote hapo, labda sukari tu, kwani wapo Wavenezuela, hasa wa Caracas, wanaoitia kwenye maharage, na wengine wanaoliona jambo hilo kuwa kufuru. Ashushie kwa papelón con limón, maji baridi ya sukari guru na ndimu.

Desemba ni msimu wa hallaca, unga wa mahindi uliojazwa mchuzi mzito wenye zabibu kavu na zeituni, ukafungwa katika jani la mgomba na kuchemshwa. Familia huziagiza kwa dazeni, kwa hiyo weka oda mapema. Mara nyingi huwa na nyama ya nguruwe pamoja na ya ng'ombe na kuku. Mwislamu aulize siku anayoweka oda, maana siku ya kuchukua zitakuwa zimekwisha kufungwa.