Andazi la Kiingereza

Makambako kuna upepo. Anayebisha aje mwezi Juni, asimame stendi alfajiri na shati la mikono mifupi, halafu tuongee. Nalitaja hilo mapema ieleweke kwamba habari ya maandazi kwetu haikuwa ulafi, ilikuwa tiba. Mwanafunzi aliyetembea na baridi ile mpaka shuleni haelewi ufahamu wowote, uwe wa Kiingereza au wa Kibena, kabla hajashika kitu cha moto.

Na Kiingereza chenyewe kilituvamia. Miaka 7 ya shule ya msingi unasoma kwa Kiswahili, unajua moyo una vyumba vingapi na mmea unajitengenezeaje chakula. Unaingia sekondari, moyo ule ule na mmea ule ule vimebadili lugha. Shuleni kwetu ukikamatwa unaongea Kiswahili unavishwa kibao shingoni, unatembea nacho mpaka umnase mwenzako. Sijui aliyebuni ile dawa alitegemea nini. Tulichojifunza ni kunyamaza. Ungepita nje ya darasa letu ungedhani ni foleni ya zahanati.

Mwalimu wetu alikuwa mtu mwema, ila alipenda ufahamu kupita kiasi. Vitabu havikutosha, kwa hiyo aliandika kifungu kizima ubaoni, sisi tunanakili, chaki inatumwagikia. Safari hiyo kifungu kilihusu TAZARA. Tukachangamka, maana treni yenyewe tunaisikia usiku tukiwa kitandani. Kilieleza reli ilivyojengwa kwa msaada wa Wachina kuanzia 1970, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia. Swali la 4 liliuliza kwa nini kipande cha Mlimba hadi Makambako ndicho kilichowatoa jasho wajenzi. La 5 lilitaka maoni: je, wewe ungependa kufanya kazi kwenye ujenzi ule? Akaongeza na sarufi juu yake, zile sentensi za kugeuza: mbuzi amekula mahindi, mahindi yameliwa na mbuzi. Tukusanye Jumatano.

Jumanne asubuhi tuko kwa mama wa maandazi, pale karibu na geti. Mama yule alifungia maandazi kwa karatasi yoyote Mungu aliyomjalia: magazeti, madaftari, hata kadi za michango ya harusi. Rafiki yangu Kibonge alikuwa na tabia ya kusoma kila karatasi ya andazi mpaka mwisho. Ghafla akaacha kutafuna. Akanipa karatasi bila kusema neno, na Kibonge hakuwa mtu wa kuacha kutafuna hivi hivi.

Ilikuwa kiongozi cha mwalimu. Majibu. TAZARA, swali la 1 mpaka la 3, halafu karatasi imechanwa.

Habari zilifika darasani kabla ya kengele. Wakati wa mapumziko mama alizingirwa. Aliyekula asubuhi alirudi, asiyekuwa na hela alikopa, na hata binti mmoja mlokole aliyekuwa kwenye mfungo alinunua mawili. Mama akadhani maombi yake yamejibiwa. Alipoanza kufungia kwa gazeti, Kibonge akamsimamisha.

“Samahani mama, hilo la gazeti hapana. Nifungie la Kiingereza.”

“Mwanangu, andazi si ni lile lile?”

“Mama, we nifungie tu.”

Mama akatuangalia mmoja mmoja, akatikisa kichwa, akachana.

Wapo watakaosema tuliiba majibu. Tuliiba nini? Tulilipa shilingi 100 kwa kila andazi, na wengine hawakudai hata chenji.

Tatizo lilikuwa mafuta. Karatasi ikilowa mafuta ya andazi inakuwa kama kioo. Maandishi ya nyuma yanajitokeza mbele na kupenya katikati ya mistari. Na nyuma ya ukurasa wa TAZARA kulikuwa na majibu ya zile sentensi za mbuzi. Jioni tukajibanza nyuma ya bweni, mmoja kainua karatasi kwenye mwanga, sisi tunaandika kila anachosoma. Hakuna aliyehoji. Kiingereza tulikizoea hivyo hivyo, kinapita bila kueleweka.

Jumatano mwalimu akachukua madaftari ya mstari wa mbele, akalinusa la kwanza, akakunja uso. Kisha akaniita mimi nisome swali la 4. Nikasimama, nikakohoa kidogo, nikasoma kwa sauti ya mtangazaji: “It was difficult because of steep mountains and was eaten by the goat.”

“Na nani?”

“Na mbuzi, sir.” Hata kibao nikakisahau.

Akamgeukia wa pili. Reli imeliwa na mbuzi. Wa tatu, mbuzi. Nyuma kulikuwa na kijana ambaye babu yake alifanya kazi kwenye reli ile, na majibu yote alishapewa nyumbani bila kununua andazi. Naye kaandika mbuzi. Hakumwamini babu.

“Swali la 5,” mwalimu akasema polepole. “Maoni yako mwenyewe. Kibonge.”

Kibonge akainuka, kifua mbele. “Accept any sensible answer. Weak pupils may need help.”

Yaani mwalimu apokee jibu lolote lenye akili, na walio dhaifu wasaidiwe. Darasa zima, maoni yetu yalikuwa hayo, neno kwa neno. Mwalimu aliweka chaki mezani. Kumbe kile kiongozi alikuwa akikitafuta tangu ahame chumba alichopanga. Watoto wa mwenye nyumba walikiuza kwa kilo pamoja na magazeti.

Hakutuchapa. Aliuliza tu karatasi imetoka wapi, akatoka. Sote tukajazana madirishani.

Alimsalimia mama kwa heshima zote, “kamwene,” akainama kuchungulia lile boksi la karatasi.

“Na wewe mwalimu unataka la Kiingereza?” mama akamuuliza, akivuta boksi kwake. “Limepanda. Sasa hivi 200.”