Mwache Ahangaike Kwanza, Ila Si Kwa Kila Jambo

Je, mwanafunzi apewe jibu, au aachwe alitafute mwenyewe? Nianze na mashimo ya Chololo, yenye jina la kijiji kilichopo hapa Dodoma, ambako mkulima aliyeyabuni alikuwa akipambana na mvua zetu haba. Ni vishimo vya kupandia mazao, vya upana wa sentimita 22 hivi na kina cha 30. Ndani yanawekwa majivu ya kufukuzia mchwa, samadi na mabaki ya mazao, kisha unaachwa ukingo mdogo upande wa chini wa mteremko ili maji yatuame.

Wanaotaka mwanafunzi ajitafutie jibu wana hoja nzito hapo. Aliyefikia jambo kwa akili yake anajua sababu ya kila hatua, na mambo yakibadilika anajua pa kurekebisha. Aliyekariri hukwama swali likigeuzwa kidogo tu. Elimu ya Kujitegemea, andiko la Mwalimu Nyerere la mwaka 1967, ililiona hilo mapema: ilitaka akili inayodadisi.

Lakini si kila jambo liko hivyo. Mwaka 2016, tunaoukumbuka kwa huzuni, watu wa Dodoma na Manyara waliugua, wengine wakafa, kwa sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka kama mahindi. Sumu hiyo haionekani kwa macho, na kupika ugali hakuimalizi, hupimwa maabara. Kumwambia mama mwenye ghala la mahindi ajaribu mwenyewe mpaka aelewe ni kumtelekeza. Huyo aambiwe waziwazi: kausha vizuri, usianike kwenye udongo mtupu.

Kwa hiyo mimi napima hivi: ukikosea, unapoteza nini, na kosa utaliona lini? Shimo unaweza kulijaribu kwenye kipande kidogo cha shamba, na msimu huohuo likakujibu. Hesabu iliyokosewa darasani inagharimu ukurasa wa daftari. Inaniuma kwamba ni hapohapo, penye makosa ya bei nafuu kuliko kote, tunapokimbilia kutoa majibu. Mwalimu anakokotoa ubaoni hadi mwisho, watoto wananakili, jibu linapigiwa mstari, daftari linapata vema.

Walimu watasema darasa limejaa, mtihani wa taifa unakaribia, na mzazi anachoangalia ni matokeo. Ni kweli kabisa, na mtoto asiyejua jedwali la kuzidisha hawezi kuachwa agundue kila kitu. Aonyeshwe mfano mmoja, taratibu. Swali la pili liwe lake, na aeleze alivyofikiri kabla hajasahihishwa, hata kama siku hiyo darasa litamaliza maswali mawili badala ya kumi. Nasi wazazi tunaolipia tuisheni tumuulize jioni amelipataje jibu, si amepata ngapi.