Bunduki za Lancaster zingeng'olewa tu

Wapenzi wa ndege za Vita Kuu ya Pili hupenda kuhesabu bunduki. B-17, ndege ya mabomu ya Wamarekani, toleo la G, ilikuwa nazo 13. Haya, lakini tarehe 14 Oktoba 1943 ndege za aina hiyo zilienda kupiga Schweinfurt mchana kweupe, ndege za kivita zilizozisindikiza zikaishia njiani, na 60 hazikurudi.

Ila ugomvi wangu ni na Lancaster, ndege ya mabomu ya Waingereza, iliyoruka usiku. Ndani watu saba, wawili kazi yao bunduki tu: mmoja mgongoni, mwingine mkiani. Huyu wa mkiani ndiye aliyekiona cha mtema kuni. Alikaa peke yake saa nyingi ndani ya kibanda cha kioo, kavaa suti yenye nyaya za umeme za kumpasha joto. Wengi wao waling'oa kioo cha mbele ili waone vizuri, baridi ikawachapa usoni. Parachuti haikuenea humo. Ilining'inia nyuma ya mlango. Ndege ikiwaka moto, afungue mlango, aivute, aivae, azungushe kibanda, ndipo ajiangushe kinyumenyume!

Na silaha yake? Bunduki nne za milimita 7.7, mbele ya adui mwenye mizinga ya milimita 20. Tena kuanzia 1943 Wajerumani walifunga kwenye ndege zao za kivita za usiku mizinga iliyoelekea juu. Walijipenyeza chini ya tumbo, ambako Lancaster nyingi hazikuwa na bunduki yoyote, wakalenga matangi ya mafuta kwenye mabawa. Wengi walikufa bila kujua nani kawapiga.

Freeman Dyson, wakati huo kijana katika kitengo cha utafiti cha kamandi ya ndege za mabomu ya Uingereza, na mkuu wake Reuben Smeed walishauri vibanda vya bunduki viondolewe: ndege iwe nyepesi, ikimbie zaidi, na ikianguka wafe watu wawili pungufu. Hawakusikilizwa. Mosquito ya mabomu, ndege nyingine ya Waingereza, watu wawili na bunduki hata moja haina, ilitegemea mbio zake na ilipotea mara chache mno ikilinganishwa na Lancaster.

Najua mtaniambia habari ya macho: mtu wa mkiani akimwona adui, akipiga kelele, rubani aipindue ndege na kuizamisha gizani. Ni kweli, hilo liliokoa wengi. Basi abaki huyo mmoja, bila bunduki, apewe dirisha safi na mahali pa kuweka parachuti yake.